Fundo la Mwisho la Kamba

Wakesho, mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda sokoni kutafuta kufuli la sanduku, na najua mtachelewa, kwa sababu mama yako hanunui kufuli kabla ya kulifunga na kulifungua mara tano. Nimebaki peke yangu hapa mlangoni. Jua bado liko juu ya vilima na kuku wa jirani wanachakura karibu na miguu yangu. Nimechukua karatasi za mistari kama zile ninazotumia kazini. Naandika kwa sababu nikijaribu kusema kwa mdomo nitaishia kukuambia habari za soksi.

Habari za soksi, sabuni na dawa ya meno mama yako ameshazimaliza. Bibi yako atazisema upya ukifika kwake Chawia, tena kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nina jambo moja, nalo nimelificha tangu Jumanne.

Jumanne nilimpigia simu mwenye pikipiki mmoja wa huko Chawia, mtu mzima anayejulikana na bibi yako, nikapatana naye akubebe kila asubuhi kutoka nyumbani kwa bibi mpaka langoni mwa shule, na jioni akurudishe. Sikukuuliza. Mama yako pia sikumwambia. Wewe ulikuwa umeshatuambia kwamba utatembea. Ulisema ukiwa unaosha vyombo, bila hata kugeuka: "Nitatembea, Baba. Si ni pale tu, ng'ambo ya mto?" Nikasema sawa. Kisha nikatoka nje kama mtu anayeenda kuangalia kama nguo zimekauka, nikapiga simu.

Kesho asubuhi tunaondoka, na Jumatatu unaanza Gredi ya Kumi. Mpaka sasa yule bwana anajua atakuja kukuchukua, na wewe hujui. Nataka nikueleze woga huu umetoka wapi kabla sijaamua la kufanya nao. Sehemu yake unaijua. Sehemu nyingine unaijua kuliko mimi, na umeninyamazia miaka yote hii. Hiyo ndiyo ninayotaka kukushukuru kwayo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa ulipozaliwa. Wenzangu niliomaliza nao shule walikuwa bado wanaulizana watasomea nini, nami nilikuwa nimeshika mtoto ambaye niliogopa hata kumgeuza upande. Nilisoma diploma yangu ya kutunza rekodi picha yako ikiwa ndani ya daftari. Kazi niliyoipata ni hii unayoijua, karani wa rejista hospitalini, nyuma ya dirisha lenye tundu la kupitishia karatasi. Watu hudhani anayeona mabaya hospitalini ni daktari. Mimi damu siioni. Mimi naona wale wanaofika nyuma, wamekuja mbio, na mmoja wao ameshika mkononi kiatu kimoja cha mtu. Namwuliza jina la mgonjwa, umri, mahali pa ajali. Halafu kuna visanduku vya kutia alama: alikuwa dereva, abiria, au mtembea kwa miguu.

Ulipofika umri wa shule nilikuwa nimeshatia alama kwenye kile kisanduku cha mwisho mara nyingi mno. Tunaishi Voi. Barabara kuu iko pale, na matrela ya Mombasa hayalali. Kila nikikuona unatembea, na ulikuwa unatembea vibaya, hatua mbili mbele na moja ya kuokota kitu, nilikiona kile kisanduku.

Basi nikakutafutia pikipiki. Mwadime alikuwa mwendeshaji mzuri, na sina neno baya juu yake. Lakini nilijua anabeba watoto watatu kwa safari moja, wewe katikati, kichwa wazi, miguu ikining'inia karibu na ekzosi. Nilijua pia kwamba kisanduku cha abiria kiko juu tu ya kile cha watembea kwa miguu, na kwamba nilikuwa nakitia alama vilevile. Woga hausomi fomu yote, mwanangu. Unasoma mstari mmoja, unakunja karatasi.

Lile kovu mguuni mwako wa kulia, lenye umbo la jani, ni la ekzosi. Watu wakikuuliza huwa unasema uliungua jikoni. Nimekusikia ukisema hivyo mara tatu, nami nikiwa nimekaa palepale, na mara zote tatu niliendelea kunywa chai yangu.

Nilikuwa nimekupa amri moja. "Usitoke langoni mpaka Mwadime aje. Usitembee hata hatua moja." Ulisema ndiyo, Baba. Ulikuwa na miaka saba na ulikuwa mtoto wa kutii.

Siku moja mnyororo wa pikipiki ya Mwadime ulikatika huko alikokuwa, na simu yake haikuwa na chaji. Mimi nilikuwa nimeshafika kazini. Mama yako alikuwa kwenye cherehani yake, huko anakoshonea sare za watoto wa watu. Wewe ulisimama langoni. Mama Mutua ndiye aliyekukuta, akirudi kutoka sokoni baada ya kumaliza sukumawiki yake, saa nne asubuhi. Wakati huo tulikuwa hatujamzoea. Tulimjua tu kama yule mama Mkamba wa lango la tatu, ambaye mumewe anasokota kamba kwenye shamba la mkonge. Yeye ndiye aliyenisimulia mlivyozungumza, na alisimulia mara nyingi hivi kwamba nayajua maneno kama sala.

"Wewe mtoto, leo shule imefungwa?"

"Hapana."

"Uko mgonjwa?"

"Hapana."

"Sasa unasimama hapa kama soja, unalinda nini?"

"Nangoja pikipiki. Baba amesema nisitembee."

"Shule yenu ni gani?"

Ukanyoosha kidole. "Ile ya bati la kijani."

"Unaiona?"

"Naiona."

"Tangu asubuhi unaiona?"

"Ndiyo."

Akifika hapo Mama Mutua hucheka. Halafu huacha kucheka.

Alikushika mkono akakupeleka. Kisha akaja hospitalini na magunia yake matupu begani, akapita foleni yote mpaka dirishani kwangu.

"Karani."

"Mama, foleni inaanzia kule."

"Foleni nimeiona. Mimi si mgonjwa. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu nikaende. Wewe ulizaa mtoto ama ulizaa mzigo?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Nikainama karibu na tundu la dirisha. "Mama Mutua, barabara ni mbaya. Wewe huoni ninayoandika hapa."

"Barabara ni mbaya, ndiyo. Na huyo mtoto ataijua lini? Siku ya harusi yake?" Alipanga magunia yake begani. "Kesho saa kumi na mbili na nusu mimi napita nikienda soko. Shule iko njiani. Mtoe nje, na wewe toka. Na uvae viatu vya watu, si hivyo vya ofisi."

Nakumbuka niliporudi nyumbani nilikuuliza kwa nini hukwenda kwa jirani yeyote kuomba msaada. Ukaniambia, "Nyumba ya jirani ni hatua nyingi." Hukuwa unalaumu. Ulikuwa unaeleza tu. Nimewahi kukaripiwa na wakubwa kazini, lakini hakuna maneno yaliyonikalisha chini kama hayo.

Asubuhi iliyofuata tulitoka. Sijui kama unaikumbuka. Vumbi lilikuwa bado limelala kwa umande, na tulipita njia ya nyuma, kati ya nyua, mbali na lami. Mama Mutua alikuwa mbele na mzigo wake, wewe katikati, mimi nyuma. Tulipofika kwenye lango la kwanza alisimama akaita, "Bado mnalala hapo?" Wakatoka watoto wawili. Lango la pili, mmoja. Na mimi, mtu mzima na diploma yangu, macho yalinijaa machozi, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyokuwa tukienda shule Chawia, nami nilikuwa nimesahau kabisa.

Nikuambie habari za njia hiyo, kwa kuwa sasa itakuwa yako. Kulikuwa na ukungu mzito hivi kwamba hukuweza kumwona mtu aliye hatua kumi mbele. Basi desturi yetu ilikuwa hupiti lango bila kuita. Wa nyumba ya juu alishuka akaita kwa jirani, akangoja mpaka aitikiwe, wakashuka wawili wakaita tena, na tulipofika mtoni tulikuwa kundi. Ijumaa tulibeba maji na kinyesi cha ng'ombe cha kukandika sakafu ya darasa, tukaenda tukilaumiana nani ananuka zaidi. Kulikuwa na mama mmoja aliyekamua ng'ombe kando ya njia. Hakuwa akiinua kichwa, lakini alisikia nyayo, na alikuwa akisema, "Leo mmoja hayupo. Yuko wapi?" Alijua kabla mwalimu hajaita majina. Siku niliyoteguka mguu, kabla sijalia vizuri, watu wawili walikuwa wameshafika.

Sikuwa na woga wakati huo. Labda nilikuwa nao nikaugawa, kila mtoto akabeba kidogo.

Turudi Voi. Kundi la Mama Mutua lilikua mpaka watoto kumi na mmoja, na mumewe akasokota ile kamba ya mkonge yenye mafundo. Kila mtoto na fundo lake. Njia ya nyuma haikuhitaji kamba. Kamba ilikuwa ya mahali pamoja tu, pale tunapovuka lami. Mama Mutua alikuwa akisema fundo la mbele ni la mtu mzima, na la mwisho ni la mtoto asiye na haraka. Ulipofika miaka tisa alikupa wewe la mwisho.

Mimi nilichangia ninachokijua. Niliandika ratiba ya wazazi, siku baada ya siku, nikapiga mistari kwa rula, nikaichapisha kazini. Mama Mutua aliitazama, akaisifu, akaitumia kufungia majani ya dania sokoni. Lakini siku yangu alikuwa ameishika kichwani. Alhamisi. Alhamisi nilivaa reflekta ya manjano, kile kizibao kinachong'aa, nikashika fundo la mbele, nikaingia kazini kwa zamu ya saa mbili.

Sasa nafika pale nilipokuwa napazunguka.

Unaijua ile Alhamisi. Ilikuwa kiangazi, wiki ambayo ndovu walikuwa wameshuka mpaka kwenye mashamba. Mara mbili Mama Mutua alikuwa amewarudisha watoto nyumbani mpaka askari wa wanyama wahakikishe wameondoka, kwa hivyo usingizi wangu ulikuwa mbaya. Tulifika kwenye lami. Niliangalia kulia, kushoto, kulia. Nilihesabu vichwa. Nikasema, "Twende." Nikaingia barabarani hatua mbili, na trela likatokea kwenye mteremko, likapiga honi.

Niliachilia kamba nikaruka.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama kidogo kwenda kunywa maji. Niliruka mbele, Wakesho, kuelekea ng'ambo. Sikurudi nyuma kwenye watoto. Miguu yangu iliamua peke yake, na iliamua kuniokoa mimi. Niliposimama nilikuwa upande wa pili, na kati yangu na watoto kumi na mmoja, mmoja wao wangu, lilikuwa linapita trela.

Lilipopita nikawaona. Mlikuwa mmekaa chini wote, mstari mmoja, matako vumbini, kama shanga. Wewe ulikuwa mwisho, kamba umeizungusha kiunoni, visigino umevichimbia ardhini. Ulikuwa umevuta kamba, ukakaa, na wote wakakalishwa na kamba. Ukaangalia kulia, kushoto, kulia. Kisha ukaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwambia mwenzake chai iko tayari:

"Baba, unaweza kurudi sasa. Iko wazi."

Nikarudi. Nikaokota fundo la mbele. Tukavuka.

Mutua, yule mtoto wa Mama Mutua, akasema, "Karani ameruka kama swara." Watoto wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo nikawa Baba Swara. Mama yako aliposikia jina hilo aliniuliza limetoka wapi. Nikamwambia ni kwa sababu natembea haraka. Wewe ulikuwa unakula. Uliinua macho, ukanitazama, ukamwambia, "Ni kweli, Mama, Baba anatembea haraka sana," kisha ukaomba chumvi.

Ulikuwa na miaka tisa. Sijui ulijifunza wapi kumfunika mtu mzima hivyo. Si kwangu.

Kuna pia sehemu ya pili, ambayo ni mbaya kuliko ya kwanza. Kuruka kunaweza kumpata mtu yeyote. Lakini Alhamisi mbili zilizofuata nilisema kazi imezidi, nikapita njia nyingine na kumwachia Mama Mutua zamu yangu. Nilianza hata kuulizia pikipiki tena. Nilijiambia nawalinda watoto kwa kukaa mbali nao. Ukisoma sana, mwanangu, utagundua kwamba elimu humpa mwoga maneno mazuri.

Alhamisi ya tatu niliamka nikakuta reflekta yangu kwenye kiti, imefuliwa, imekunjwa, na juu yake umeweka kipande cha andazi kwenye karatasi. Ulikuwa nje unafunga viatu, umekaa umegeuza mgongo. Nilikaa nikala lile andazi polepole. Nilikuwa natafuta sababu, na kila sababu niliyoipata ilikuwa na mgongo wako mbele yake. Nikavaa. Nikatoka.

Mama Mutua aliniona akasema tu, "Umepona?"

Nikaona heri nimwambie. Nikamwambia yote, tukitembea, kwa sauti ya chini. Alikuwa anajua. Mutua alikuwa ameshamsimulia siku ileile, na kuigiza.

"Mimi niliruka mara mbili," akasema. "Mwaka ule nilikuja Voi. Moja niliangusha nyanya zote. Sikiza, Baba Wakesho. Mtu asiyeogopa hii barabara mimi simpatii watoto wangu. Wewe unaogopa, hiyo ni sawa. Shida yako unaangalia lori. Lori ina dereva wake. Wewe angalia watoto."

Nimekuwa nikishika Alhamisi tangu siku hiyo mpaka ulipofika Gredi ya Tisa, na sijaachilia kamba tena. Honi zimepigwa nyingi. Kila mara mwili wangu hutaka kuruka, na kila mara nageuza shingo nikatazama nyuma, namtafuta aliye kwenye fundo la mwisho. Ulikuwa hapo. Hilo ndilo lililonizuia. Watu walidhani mimi ndiye ninayewavusha.

Nataka ujue yaliyotokea kwa sababu ya kutembea huko, maana wewe uliyaishi na huenda huyaoni. Lango la shule lilikuwa limejaa pikipiki kila asubuhi, moshi na vumbi na ugomvi wa nani apite kwanza. Sasa nenda ukasimame pale uone. Zimebaki chache, za watoto wa mbali na wale wanaougua. Mwalimu mkuu aliniambia wanaotembea hufika wameshazungumza yote, wakiingia darasani wametulia. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikihema kupanda ngazi za ofisi, sihemi. Halafu najua majina. Kabla ya kamba nilikuwa nimekaa mtaa huu miaka minane nami nikimjua mwenye nyumba na muuza maziwa tu. Sasa sipiti lango lisilonisalimia, na wengine husema, "Baba Swara, leo uko pole pole." Mama yako bado hajui jina hilo lilitoka wapi. Ukitaka, msomee hapa. Nimechoka kulibeba.

Wiki iliyopita tuliletewa dirishani jamaa aliyeshika kiatu kimoja. Kilikuwa cha msichana wa shule, cheusi, cha kamba, kama vyako. Msichana alipona, nimeuliza, alivunjika mkono tu, lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka Voi kwa mawazo, nimefika Chawia, niko kwenye kona ile ya barabara ya murram, isiyo na lami, chini ya shule. Jumanne nikapiga simu. Hiyo ndiyo asili yake. Nilisoma mstari mmoja nikakunja karatasi, kama nilivyofanya ulipokuwa na miaka saba.

Mtoto aliyekaa chini akakalisha wenzake kumi si wa kubebwa kama gunia. Na bado naogopa ninapoandika hivyo. Nakuambia ukweli.

Nimesimama hapa nikampigia simu yule mwenye pikipiki. Nikuandikie tulivyozungumza, ili usije ukaambiwa na mtu mwingine.

Nikamwambia samahani, nimebadili mawazo, binti atatembea.

Akauliza, "Kwani ana miguu?"

"Anayo."

"Mimi nilishangaa tangu Jumanne, Baba Wakesho. Lakini kazi ni kazi, sikutaka kuuliza. Wangu wenyewe wanatembea na pikipiki iko nyumbani. Wa kwangu wa pili yuko hiyo hiyo shule. Nitamwambia apige kelele hapo kwa bibi asubuhi."

"Bado wanaita langoni?"

"Ukipita bila kuita utatukanwa. Na siku ya mvua kubwa? Ule mto unajaa."

"Siku ya mvua kubwa akikuhitaji atakupigia mwenyewe. Nitampa nambari yako. Yeye ndiye atakayeamua."

"Hapo sawa," akasema. "Hapo umesema kama mzazi wa huku."

Nambari yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Itumie bila aibu mto ukijaa, ukiwa mgonjwa, au ukichelewa na giza likakaribia. Kukaa chini ukangoja pia ni akili. Wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini siku nyingine zote toka, itikia ukiitwa, na ukiwa wa kwanza ita wewe. Ujulikane njia nzima. Wa mtoni wakujue, wa shambani wakujue, anayekamua ng'ombe azijue nyayo zako. Na ukikutana na mtoto mdogo aliyesimama langoni anatazama bati la shule yake kwa mbali, usimwulize amekosa nini. Mshike mkono.

Jana nilipita kwa Mama Mutua kumwambia unaondoka. Alifungua kamba, akakata kipande cha mwisho chenye fundo lako, akanipa. Nilimwambia ataiharibu. Akasema kamba inasokotwa tena, mzee wake bado ana mikono. Nimekiweka sandukuni, ndani ya reflekta, na reflekta hiyo safari hii nimeifua mimi.

Nakushukuru kwa chumvi ile. Nakushukuru kwa andazi, kwa kovu la jikoni, kwa kuvuta kamba. Watu husema mzazi humfundisha mtoto kutembea. Sitabishana nao, lakini wewe na mimi tunajua nani alimfundisha nani kuvuka.

Nasikia sauti ya mama yako kwenye kona. Anacheka, kwa hivyo kufuli limepatikana.

Kesho tutavuka lami pale pale, kwenda kupanda gari la Mwatate, njia ya Chawia. Mama yako atataka kukushika mkono, mwache. Mimi sitashika mbele. Nitabeba sanduku nyuma yako. Wewe angalia kulia, kushoto, kulia, uvuke kwa wakati wako. Mimi nikisimama, usihangaike, sijakimbia. Ukifika ng'ambo, geuka uniambie kama iko wazi.

Baba yako